Umechoka Ingawa Unameza Dawa ya Thairoidi: Uongeze Dozi, Ubadili Dawa au Utafute Sababu Nyingine?

Mwezi wa Julai hapa Arusha si mwezi mzuri wa kuupima mwili. Baridi inashuka kutoka Meru, watu wanakaa na makoti hadi saa nne asubuhi, na kila unayemsalimia anasema mwili ni mzito. Kwa hiyo mtu ambaye tezi yake ya thairoidi imelegea, na ambaye kuona baridi kupita wenzake na kuchoka bila kazi zilikuwa dalili zake za kwanza, hushindwa kujua kama ni msimu unaomsumbua au ni ugonjwa uliorudi. Lakini wapo wanaochoka Julai na Februari vilevile: wanameza kidonge cha levothairoksini kila siku, majibu yao ya maabara yameandikwa kuwa ni ya kawaida, na bado wakipanda ngazi moja wanatafuta pa kukaa. Makadirio ambayo madaktari wa homoni huyatumia mara nyingi ni kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaotibiwa, 5 hadi 10 hubaki na dalili, uchovu ukiwa mbele, ingawa kipimo kimekaa sawa.

Mtu wa aina hiyo hupewa mashauri matatu, mara nyingi na watu watatu tofauti. La kwanza ni kuongeza dozi. La pili ni kubadili dawa, yaani kuongezewa homoni ya pili iitwayo T3, au kuhamia kwenye vidonge vinavyotengenezwa kwa tezi ya mnyama. La tatu ni kuiacha dawa kama ilivyo na kutafuta kitu kingine kinachouchosha mwili. Nayaweka ubavu kwa ubavu kwa sababu kukosea hapa kuna gharama: anayetoka Rombo kwenda Moshi mjini, au Monduli kuja Arusha, analipa nauli, analipa kipimo, anapoteza siku ya kazi, kisha anatakiwa asubiri wiki kadhaa ndipo ajue kama alichagua vibaya. Mimi naegemea shauri la tatu kwa walio wengi, ila kabla ya kuegemea popote lazima karatasi ya TSH isomwe ipasavyo.

TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Thairoidi ikilegea, mhimizaji hupaza sauti, na TSH hupanda. Homoni ikizidi mwilini, mhimizaji hunyamaza, na TSH hushuka. Maabara nyingi huhesabu kuwa kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Levothairoksini hukaa sana mwilini: huchukua takriban siku 7 kupungua hadi nusu, na ndiyo maana TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kubadilishwa. Aliyeongezewa dozi wiki mbili zilizopita akapima leo anasoma habari za zamani. Na hata TSH ikishatulia, nguvu huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa kurudi, jambo ambalo mgonjwa huambiwa kwa nadra siku anapoanzishiwa dawa.

Ikiwa TSH bado iko juu

Hapa ushindani wa kweli ni kati ya kuongeza dozi na kurekebisha namna ya kumeza, na kwa maoni yangu umezaji ndio unaosahaulika zaidi kuliko jambo lolote katika ugonjwa huu. Mama mkubwa wangu wa Kibosho alikuwa akimeza kidonge chake kila alfajiri bila kukosa, na kila alipopimwa TSH ilikuwa juu. Dozi ikaongezwa mara mbili. Siku alipoulizwa anakimeza na nini, alijibu kwa chai ya maziwa, kisha uji wa lishe unafuata papo hapo. Maziwa yana kalsiamu, na unga wa lishe unaouzwa masokoni kwetu mara nyingi una soya. Vyote viwili huizuia dawa isifyonzwe vizuri na utumbo. Kahawa nayo, ingawa ndiyo iliyotusomesha wengi wetu huku Kilimanjaro, hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Kidonge hiki hutaka maji matupu, tumbo likiwa wazi, na dakika 30 hadi 60 za kusubiri kabla ya chai.

Vidonge vya kuongeza damu, vile ambavyo kliniki huviita fefo, pamoja na vidonge vya kalsiamu na dawa za kiungulia za kutafuna au za maji, vinahitaji kukaa mbali na levothairoksini kwa saa 4. Dawa za jamii ya omeprazo ni tofauti kidogo: hazigombani na kidonge moja kwa moja, bali hupunguza asidi ya tumbo ambayo kidonge kinaihitaji ili kiyeyuke vizuri. Bakteria wa tumbo aitwaye H. pylori, ambaye wengi waliowahi kuambiwa wana vidonda vya tumbo wanamfahamu, anaweza kuleta matokeo kama hayo. Aidha rifampisini, iliyomo katika dawa za kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa, huufanya mwili uitumie homoni upesi zaidi.

Mtu anayemeza vizuri lakini ambaye mwili wake unahitaji zaidi, mathalani kwa sababu ya rifampisini au kwa sababu lazima aendelee na omeprazo, anastahili dozi kubwa, na kumwambia tu asubiri chai ni kumpotezea wakati. Lakini anayemeza na maziwa akiongezewa dozi anawekewa mtego, kwa kuwa siku atakapoacha maziwa, au atakapofunga, au atakapohamia kwa binti yake mjini ambako hakuna uji wa lishe, dozi ileile itakuwa imezidi. Kipo kipimo rahisi cha kutilia shaka. Kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, dozi kamili hukaribia maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mtu wa kilo 60 huangukia karibu na 100. Mtu huyo akiwa anameza 200 na TSH bado iko juu, kwanza aulizwe anamezaje, na kama anameza kila siku.

Swali hilo la mwisho linaudhi, lakini karatasi yenyewe huwa inalijibu. Mgonjwa anayeruka siku nyingi kisha akameza kwa bidii wiki ya kwenda kupima huonekana na T4 (homoni yenyewe iliyomo kwenye kidonge) nzuri, pengine hata ya juu, huku TSH ikiwa bado imepanda, kwa sababu T4 hupanda upesi na TSH hushuka polepole. Hakuna haja ya kugombana naye. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu, aliyesahau siku moja anaweza kufidia, na daktari au mfamasia atamweleza namna, kuliko kuiacha wiki nzima iharibike kwa aibu ya siku moja.

Suala la joto linawahusu zaidi wa Moshi kuliko sisi wa Arusha, maana Moshi iko chini kwa mita 500 hivi na Februari yake haina mzaha. Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na pakiti nyingi huagiza ihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Kabati lililo juu ya jiko, dirisha linalopigwa na jua na gari lililoegeshwa mchana kutwa si mahali pake. Vidonge vibaki kwenye karatasi yake hadi saa ya kumezwa. Na duka la dawa likikupa pakiti ya kiwanda kingine, si vibaya kuitumia, ila umwambie daktari, na TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwani tofauti ndogo kati ya viwanda hutosha kuwayumbisha baadhi ya watu.

Asubuhi au usiku? Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uliwabadilishia wagonjwa saa ya kumeza, na ukaona kuwa wanapomeza wakati wa kulala vipimo huwa bora kidogo, ingawa wao wenyewe hawakujisikia tofauti. Kwa hiyo uchaguzi huu ni wa ratiba ya nyumba. Anayeamka saa kumi na moja kuwahi mzigo soko la Kilombero na kunywa chai akiwa amesimama atafanikiwa zaidi usiku, mradi awe amekula saa moja na kulala saa nne. Nyumba ambayo chakula huiva saa tatu na watu hulala saa nne, usiku haufai. Wabaki na asubuhi.

Ikiwa TSH ni ya kawaida na bado umechoka

Sasa tumefika penye ugumu. TSH imesimama kwenye 2, umezaji hauna kasoro, miezi sita imepita, na mgonjwa bado analala mchana. Shauri linalokuja haraka ni kuongeza dozi kidogo ili kuupa mwili msukumo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulijaribu jambo hilo bila wagonjwa kujua nani amepewa nini: dozi zilibadilishwa, TSH zikasogea, lakini uchovu na hali ya hisia havikubadilika kwa maana yoyote, na wagonjwa hawakuweza kutambua kwa uhakika walikuwa na dozi ipi. Kilichonigusa zaidi ni kwamba waliipendelea dozi waliyodhani ni kubwa, hata pale ambapo haikuwa kubwa. Siwacheki, ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Pamoja na hayo, mtu ambaye TSH yake imeegemea kwenye ukingo wa juu, tuseme 3.8, akifanyiwa jaribio moja dogo la kusogeza dozi chini ya uangalizi, hakosewi. Kosa ni kuendelea kuongeza hadi TSH izame. TSH ikikaa chini sana, hasa chini ya 0.1, moyo huweza kuanza kupiga bila mpangilio, jambo linaloweza kuleta kiharusi, na mifupa hupungua uimara, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Isitoshe, homoni iliyozidi huanza kwa kuonekana kama nguvu, kisha huondoa usingizi, na asiyelala huchoka. Mgonjwa akiongeza tena, anazunguka palepale. Hapa pia kuna mtego wa maabara: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, ambavyo wanawake wengi wa thairoidi huvinunua kwa sababu nywele zimekatika, vinaweza kuyapotosha majibu, TSH ikaonekana imeshuka na T4 imepanda ilhali sivyo. Viachwe angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.

Dhidi ya shauri hilo naweka la kutafuta sababu nyingine, na ndilo ninalolipa uzito. Sababu ya kwanza ya kulipa uzito ni kwamba wengine hawakuchoka kwa ajili ya thairoidi tangu mwanzo. Walipimwa kwa sababu wamechoka, TSH ikakutwa imepanda kidogo tu huku T4 ikiwa sawa, wakaanzishiwa dawa. Jaribio kubwa la Ulaya lililochapishwa mwaka 2017, lililowahusu watu wa miaka 65 na zaidi wenye hali hiyo, halikuona dawa ikiwapunguzia uchovu kuliko kidonge kisicho na kitu. Mzee aliyeanzishiwa dawa kwa namna hiyo na bado amechoka ana haki ya kumuuliza daktari kama anaihitaji kweli, ingawa asiiache kwa uamuzi wake peke yake.

Sababu ya pili ni kwamba ugonjwa wa kawaida unaoilegeza thairoidi, ule wa kinga ya mwili kuishambulia tezi, ulioelezwa na Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912, hauendi peke yake siku zote. Kinga ileile inaweza kulishambulia tumbo na kuzuia vitamini B12 isifyonzwe. Dalili zake ni uchovu, ganzi miguuni na ulimi unaouma. Metformini, dawa ya kisukari wanayoitumia wengi, nayo ikitumiwa muda mrefu hupunguza B12. Mara chache sana, kinga huzishambulia tezi zilizo juu ya figo, na hapa naomba msomaji asipite upesi, kwa sababu mgonjwa huyo akiongezewa homoni ya thairoidi bila kotisoli yake, homoni ya tezi hizo, kushughulikiwa kwanza anaweza kuzidiwa ghafla. Anayechoka huku anakonda, presha iko chini, kizunguzungu kinampata akisimama, anatamani chumvi, na ndugu zake wanasema ngozi na fizi zimekuwa nyeusi kuliko kwenye picha zake za zamani, asiongezewe chochote kabla ya kupimwa.

Lakini ukiniuliza nianze na kipi, nitasema madini ya chuma. Thairoidi iliyolegea huleta hedhi nzito, hedhi nzito humaliza chuma, na chuma kikipungua mwanamke huchoka hata kabla ya wingi wa damu kushuka. Picha kamili ya damu inaweza kutoka nzuri huku ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma, ikiwa chini kabisa. Kisha anapewa fefo, anazimeza pamoja na levothairoksini ili asisahau, na dawa ya uchovu mmoja inaurudisha uchovu mwingine. Kidonge cha thairoidi alfajiri na fefo mchana au jioni humaliza ugomvi huo.

Mengine nayataja kwa kupita: kisukari, figo, ujauzito, sonona, na dawa za presha kama atenololi. Anayekoroma na kukata pumzi usingizini hawezi kujishuhudia mwenyewe. Aulizwe anayelala naye. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda ni mambo ya kupimwa kifua kikuu, na mkoa wenye wachimbaji wa Mirerani jirani hauna sababu ya kulisahau hilo. Mwanamke aliyepitisha siku zake apime mimba mapema, kwa kuwa mahitaji ya homoni huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30 tangu wiki za mwanzo, na hapo kuongeza dozi ni lazima.

Kwa upande wa gharama, picha ya damu na sukari hupimwa hata kwenye vituo vidogo, ilhali ferritini, B12 na kotisoli kwa kawaida hutaka maabara kubwa zaidi. Anayekwenda hospitali ya Mount Meru, Mawenzi au KCMC kwa ajili ya TSH afadhali amwombe daktari mapema vipimo hivi viunganishwe katika safari moja. Nikilinganisha, fedha ya ferritini moja inafanya kazi kubwa kuliko fedha ya TSH ya nne katika mwaka uleule.

Kubadili dawa

Kabla ya T3, neno moja kuhusu madini joto (iodini) na mitishamba. Milima yetu ilijulikana kwa rovu kabla ya chumvi kuwekewa madini joto, na kumbukumbu hiyo huwafanya wazee wamsukumie mgonjwa madini joto ya ziada. Kwa ugonjwa wa Hashimoto hayaamshi tezi, na yakizidi yanaweza kuilegeza zaidi. Chumvi ya dukani inatosha. Mitishamba inayouzwa kwa jina la kuondoa uchovu sina cha kuilinganisha nayo, maana hakuna ajuaye ndani mna nini.

Hoja ya T3 ina msingi. Thairoidi yenye afya hutoa T4 nyingi na T3 kidogo. Takriban asilimia 80 ya T3 ya mwili hutengenezwa nje ya tezi, T4 inapopunguziwa iodini, na asilimia 20 iliyobaki hutoka kwenye tezi yenyewe. Anayetegemea levothairoksini pekee hukosa ile sehemu ya mwisho, na inawezekana baadhi ya watu hawaizibi pengo hilo vizuri. Mwaka 1999 utafiti mdogo wa wagonjwa 33 ulionyesha kuwa kuchanganya T4 na T3 kunaboresha hali ya hisia na fikra, na matumaini yakawa makubwa. Tafiti zilizofuata hazikuukuta mwujiza huo: majumuisho ya mwaka 2006 ya tafiti 11 zenye wagonjwa 1,216 hayakuona tofauti katika uchovu wala katika ubora wa maisha. Hata hivyo katika baadhi ya tafiti wagonjwa wengi walipoulizwa walichagua mchanganyiko, na ndiyo maana mjadala haujafungwa.

Kiutendaji, levothairoksini inashinda kwa mbali. T3 hupanda saa chache baada ya kumezwa na kupungua hadi nusu ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo mapigo ya moyo huenda mbio, dozi hugawanywa mara mbili kwa siku, na kuikosa siku chache hujulikana upesi. Dawa ambayo huna hakika ya kuipata mfululizo si ya kuianza. T3 haifai kwa mjamzito, kwa kuwa ubongo wa mtoto hutegemea T4 ya mama, wala kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Vidonge vya tezi ya mnyama ni vya kale: mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji ya tezi ya kondoo. Vya siku hizi hutengenezwa kwa tezi ya nguruwe, jambo ambalo Mwislamu au Msabato anapaswa kuambiwa kabla ya kumeza, si baada ya kuagiziwa na ndugu aliye ng'ambo. Ndani yake T4 ni mara 4 hivi ya T3, ilhali katika tezi ya binadamu ni takriban mara 14, kwa hiyo jina la dawa ya asili halimaanishi kuwa zinafanana na mwili wako. Kati ya hizo mbili, ningechagua T3 ya kiwandani inayopimwa peke yake.

Anayebaki na sababu ya kuijaribu ni yule ambaye TSH yake imetulia kwa miezi kadhaa, chuma na B12 viko sawa, analala vizuri, hana mimba wala moyo mbovu, na yuko chini ya daktari bingwa atakayepunguza T4 wakati anaongeza T3. Aandike kwenye daftari mapigo ya moyo, saa za usingizi na kazi alizomaliza kila siku, kuanzia wiki mbili kabla ya kidonge cha kwanza. Miezi mitatu ikipita na daftari likawa halionyeshi tofauti, anarudi kwenye levothairoksini peke yake kwa dozi yake ya zamani, na TSH inapimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.